Gauni la Mfanya Kazi ni Jambo la Chama



Twataka leo kuzungumza jambo ambalo si kawaida kulisoma katika karatasi hizi zetu, nalo ni mavazi ya wanawake. Twajua ya kuwa wako watakaosoma kichwa cha habari hii na kucheka, wakisema, "Chama ni cha mishahara na saa za kazi, magauni yatafuta nini humu?" Twawaomba wasome mpaka mwisho, kisha wacheke wakipenda.

Neno letu ni hili. Mwanamke wa mitaa yetu, awe wa Kaloleni au Bahati, wa Jericho au Shauri Moyo, ahitaji nguo iliyoshonwa kwa kazi yake na kwa majira ya Nairobi. Nguo ya namna hiyo haipatikani kwa kubahatisha. Twaweza kuishona wenyewe, na chama chaweza kuwa msaada mkubwa.

Kwanza tutazame nyuma kidogo, maana wazee wetu hawakuvaa ovyo. Wanawake wa Kikuyu walivaa ngozi za mbuzi zilizolainishwa na kupakwa mafuta. Walikuwa na sketi ya ngozi iitwayo muthuru, na juu wakajitanda ngozi nyingine, kwa kuwa nchi yao ni ya baridi na ukungu. Pwani, penye joto na jasho, watu walivaa nguo nyepesi ya pamba. Kila nchi ilijivika kwa kadiri ya jua lake na baridi yake.

Kisha ikaja merikani. Ilikuwa nguo ngumu ya pamba, iliyoletwa Unguja na majahazi ya watu wa Salem huko Marekani, na misafara ikaipeleka bara, ikawa hata fedha ya kununulia chakula njiani. Vita vya Marekani vya 1861 hadi 1865 vilipozuia pamba, viwanda vya nchi nyingine, vya Bombay miongoni mwao, vilipata nafasi ya kuuza nguo zao, lakini jina la merikani likabaki. Watumwa walivaa merikani na kaniki, ile nguo iliyotiwa rangi ya nili. Halafu wanawake wa pwani wakaanza kununua leso za Kireno, wakaziunga sita pamoja, tatu juu na tatu chini, wakapata shuka moja ya maua. Huo ndio mwanzo wa leso tunazozijua. Mwaka 1887 Kaderdina Hajee Essak alifungua biashara yake Mombasa, na leso zake zikajulikana kwa jina la Mali ya Abdulla. Utumwa ulipofutwa, Unguja mwaka 1897 na pwani ya Kenya mwaka 1907, wanawake wengi waliokuwa watumwa waliiacha kaniki wakajifunga leso, ili kila mtu aone ya kuwa wao ni waungwana. Basi nani atasema nguo ni jambo dogo?

Sisi wa reli tuna sehemu yetu katika habari hii. Reli ilifika Nairobi mwaka 1899, na mwaka 1901 ikafika ziwani Kisumu. Majora yaliyokuwa yakibebwa na wapagazi kwa miezi yakabebwa na gari kwa siku chache. Nguo ya kiwandani ikapanda bara, na ngozi zikaanza kuwekwa kando. Misheni nazo zikafundisha wasichana kushona magauni ya marinda. Katika mitaa ya Pumwani na Majengo wanawake walivaa leso na buibui kama wenzao wa pwani, na baadhi yao walikuwa na nyumba zao wenyewe. Mwaka 1952 kilianzishwa Maendeleo ya Wanawake, na vikundi vyake vikafundisha ushonaji katika vijiji vingi.

Kwa wale waliouliza magauni yatafuta nini katika chama, tuna jibu moja la historia. Mwaka 1921 waajiri wa Kizungu walipunguza mishahara ya Waafrika kwa thuluthi moja. Harry Thuku akasimama kuwasemea watu juu ya mishahara hiyo, kodi, kipande, na wanawake waliolazimishwa kazi za mashamba. Akakamatwa. Tarehe 16 Machi 1922 watu walikusanyika mbele ya kituo cha polisi cha Nairobi wakitaka afunguliwe. Viongozi waliokwenda kuonana na serikali waliporudi na kuwaomba watu watawanyike, mama mmoja, Mary Muthoni Nyanjiru, aliinua gauni lake hadi mabegani, akawaambia wanaume walichukue wao na wampe yeye suruali zao. Risasi zikapigwa, naye akawa miongoni mwa waliokufa. Siku ile gauni na mshahara vilisimama mahali pamoja. Havijaachana mpaka leo.

Sasa tuje kwenye majira yetu. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, na aliyeizoea ajua ya kuwa mwaka una sura nne. Januari na Februari ni jua na vumbi. Kuanzia Machi mpaka Mei ni mvua ndefu, na udongo mweusi wa mitaa yetu hushika miguu kama gundi. Juni, Julai na Agosti ni baridi ya manyunyu, na alfajiri mtu huona pumzi yake mwenyewe. Oktoba mpaka Desemba ni mvua fupi. Mama atokaye saa kumi na moja alfajiri kwenda kwa miguu kwa njia ya Jogoo Road mpaka viwandani, au kuwahi mboga sokoni Gikomba, hukutana na baridi asubuhi na jua kali saa saba, na jioni mvua. Hizo zote huzipata katika gauni moja.

Kwa hiyo twasema asishonewe gauni zito la baridi na jingine la joto, maana mfuko hauruhusu. Ashone gauni moja jema, kisha aongeze na kupunguza juu yake. Tumeuliza mafundi wa mitaani na mama zetu wanaojua kazi, na haya ndiyo waliyotuambia.

Kitambaa kiwe cha pamba iliyoshikana, kama poplini nzito au drili nyepesi. Kwa mama wa kimo cha kawaida, mita tatu hivi za upana wa inchi 45 zatosha. Kabla ya kukata, kitambaa kilowekwe majini na kuanikwa, kwa kuwa pamba hurudi. Aliyekata kabla ya kuloweka hushona gauni la mtoto bila kukusudia. Rangi iwe ya kustahimili tope, wala si lazima iwe ya huzuni.

Urefu ufike katikati ya muundi, usishuke kwenye vifundo vya miguu, ndipo tope la Aprili lisiupate. Upindo uwe wa vidole vinne, ili msichana akirefuka au ukingo ukichakaa, ufunguliwe na kushonwa upya. Mishono ya ubavuni iachiwe akiba pia, maana mwili wa mama hubadilika, naye hapaswi kununua gauni jipya kwa kila mtoto. Vifungo viwe mbele toka shingoni mpaka kiunoni, kwa ajili ya anayenyonyesha. Mkono wa gauni ufike chini kidogo ya kiwiko, na uwe na utepe wa kuufungia kwenye kifungo ukikunjwa.

Juu ya mfuko twasema kwa nguvu. Magauni mengi ya dukani hayana mfuko, au yana mfuko wa kuingia vidole viwili tu. Mwanamke wa kazi ana nauli, ana ufunguo, ana simu, ana kitambulisho. Asipokuwa na mfuko huvishika mkononi au huvifunga penye pindo la leso, na mwizi wa kituo cha matatu ajua pa kutazama. Mfuko uwe ndani ya mshono wa ubavuni, uingize mkono mpaka kiganja chote kipotee.

Kwa baridi ya Julai, ashone kizibao kisicho na mikono, cha flaneli au sufu, chenye bitana. Hukipiga juu ya gauni alfajiri, na saa sita hukivua na kukikunja katika kikapu. Kwa mvua kuna koti la mpira. Kwa jua la Februari, gauni lile lile hukunjwa mikono, na leso ikawa mtandio wa kichwani. Nyumbani leso ni malkia, lakini penye mashine inayozunguka ni hatari: pindo linaloning'inia laweza kumvuta mtu mzima. Fundi mwanamke asiingie karakana na nguo ya kupepea.

Wengine watasema, "Gikomba kuna mitumba, kwa nini tujisumbue?" Hatuna ugomvi na wauza mitumba. Wengi wao ni wake zetu na dada zetu, na watoto wetu wamesomeshwa kwa fedha ile. Lakini tukumbuke mambo mawili. La kwanza, nguo ya mtumba ilikatwa kwa mwili wa mtu mwingine na kwa nchi nyingine, ndiyo maana mafundi wa Gikomba hushinda wakipunguza na kuongeza. La pili, mlango wa biashara ulipofunguliwa miaka ya 1990, nguo za nje zikajaa, na viwanda vyetu vikashindwa. Wafanya kazi wa viwanda vya nguo kama KICOMI ya Kisumu na Rivatex ya Eldoret walijua maana ya lango kufungwa. Hatusemi mtumba peke yake ndio uliowaua, kwani hata uendeshaji ulikuwa na kasoro, lakini mfanya kazi asisahau mfanya kazi mwenziwe. Mwenye koti la mtumba la sufu afanye hivi: alifumue, apate kizibao chake na cha mtoto.

Tena liko jambo la kazini. Katika sehemu za kazi tunazozijua, wanawake wamepewa ovaroli zilizokatwa kwa wanaume, mabega mapana, miguu mirefu ya kukunjwa mara tatu. Mtu hujikwaa, akicheka kwa aibu. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri awape nguo za kujikinga wanaofanya kazi penye maji au vitu vya kudhuru. Nguo isiyomwenea mtu haimkingi.

Basi twaleta mbele ya tawi mambo manne, yajadiliwe katika mkutano ujao. Kwanza, wanachama wachange na kununua kitambaa kwa jora zima kutoka kwa wauzaji wa jumla wa Eastleigh au Biashara Street, kisha wagawane kwa bei ya jora. Pili, fedha ya ustawi inunue cherehani mbili za miguu, maana hizo hazili stima. Tatu, wanaojua wafundishe wasiojua Jumamosi alasiri, na wanaume wasikimbie. Katika shule ya misheni tulikosoma, wavulana na wasichana walishika sindano sawasawa, na hakuna aliyepungukiwa uanaume. Nne, katika mapatano yajayo na waajiri, chama kidai sare zilizopimwa kwa mwili wa kike, pamoja na vazi moja la baridi.

Mambo haya hayahitaji mamilioni. Yahitaji watu kuhudhuria mkutano na kuinua mikono. Nyongeza ya mshahara twaidai bado, wala hatutaiacha. Lakini shilingi inayookolewa kwa upindo wa vidole vinne nayo ni nyongeza, na hakuna mwajiri awezaye kuikata.

Ni sisi wenzenu wa reli, wakazi wa mitaa hii hii.

Umoja ni nguvu.