Meza ya Juu na Wiski ya Mchanganyiko

Wanachama wenzetu,

Tumesikia ya kwamba katika matayarisho ya karamu ya mwaka wa Chama chetu, baadhi ya wakubwa wametaka meza mbili: ya juu iandaliwe wiski ya kimea kitupu, na ya makarani wa chini iwekwe wiski ya mchanganyiko, ati “kwa kuwa hawajui tofauti.” Fedha ni za ada yetu sote. Twaipinga meza ya pili, na zaidi twaipinga ile sababu.

Kwanza, hao wajuao tofauti na watueleze tofauti yenyewe. Wiski ya kimea kitupu hukenekwa kwa shayiri iliyooteshwa, katika vyungu vya shaba, na hutoka kiwanda kimoja. Wiski ya nafaka hukenekwa kwa ngano au mahindi pamoja na kimea, katika mtambo mrefu ufanyao kazi bila kusimama, ambao Aeneas Coffey wa Dublin aliupatia hati mwaka 1830. Mchanganyiko ni ndoa ya hizo mbili. Mchanganyaji aweza kutwaa wiski za viwanda ishirini na zaidi, hii yanuka moshi, hii tamu kama asali, hii ina harufu ya matunda, naye huzipatanisha hata chupa ya mwaka huu isitofautiane na ya mwaka jana. Kazi hiyo huifanya kwa pua kuliko kwa ulimi. Je, aliyepika pilau kwa jira, iliki, karafuu na mdalasini, tumwambie kuwa ameshindwa na mtu atafunaye karafuu moja?

Wala shauri hili si jipya. Mwaka 1905 Baraza la Islington, London, liliwashitaki wauzaji waliouza mchanganyiko kwa jina la wiski, na mwaka 1906 hakimu akawatia hatiani. Ikaundwa Tume ya Kifalme mwaka 1908, nayo mwaka 1909 ikakata neno: ya nafaka ni wiski, na ya mchanganyiko ni wiski. Wakubwa wetu wanafufua kesi iliyokwisha zaidi ya miaka mia iliyopita.

Watasema, umri je? Umri ulioandikwa juu ya chupa ni wa ile iliyo changa kuliko zote zilizomo, na pasipo miaka 3 katika pipa la mwaloni sheria haikubali iitwe wiski ya Uskoti hata kidogo. Rangi? Sheria hiyo hiyo yaruhusu kutia rangi ya sukari iliyounguzwa, katika kimea kitupu na katika mchanganyiko.

Sasa ile sababu. Mkataba wa Brussels wa 1890 ulizuia vileo vikali visiingizwe ovyo katika sehemu kubwa ya Afrika. Ule wa Saint-Germain-en-Laye wa 1919 ukakaza. Na sheria za kikoloni za Kenya, Uganda na Tanganyika zikamkataza Mwafrika vileo hivyo, huku Mzungu akivinywa klabuni. Tuliambiwa twalindwa, maana hatujui. Leo neno lile lile latoka katika vinywa vya watu wetu, waliokaa darasa moja nasi!

Na ujuzi wao tumeuona: gilasi hujazwa barafu na soda, hugugumiwa, kisha husifiwa jina la chupa. Aonjaye kweli hutia kidogo katika gilasi yenye kinywa chembamba, hunusa taratibu midomo ikiwa wazi kidogo, hutia matone ya maji, hunusa tena, ndipo huonja na kungoja ladha inayobaki. Karani wa daraja la mwisho aweza kujifunza haya jioni moja.

Basi twaomba halmashauri ya karamu iweke meza moja, na sharubati nzuri kwa wanachama wengi wasiokunywa, ambao ada yao imo pia. Wakubwa wakikataa, chupa za namna zote mbili zivikwe karatasi na kutiwa namba, nao waonje mbele yetu sote, waandike majibu, na katibu ayasome kwa sauti.