Wampembe si kituo cha kulala: ratiba ya meli ya Tanganyika ni ya nani?

Najua nimepotea kidogo, kazi za watu zimenibana. Leo nimerudi na hasira, kwa hiyo mnivumilie.

Wiki iliyopita washikaji zangu wawili wa hapa Dar walinitumia makala moja ya utalii wakitaka ushauri. Wamechoka na Zanzibar kila likizo. Safari hii wanaota kupanda meli Ziwa Tanganyika, kutoka Kigoma hadi kusini kabisa, na wanauliza waende mwezi gani na washuke wapi. Swali zuri sana. Vijana wa mjini kulifikiria ziwa lile badala ya kujazana Nungwi ni jambo la kushukuru.

Tatizo ni ile makala. Kwanza inasema msimu bora ni Julai na Agosti, nukta. Halafu inapanga vituo kwa nyota: Gombe na Mahale kwa sokwe, Kipili kwa ufukwe, Kasanga kwa boma la Wajerumani na maporomoko ya Kalambo. Ikifika Wampembe, mwandishi anasema hapo hakuna cha kuona, endelea kulala. Mwisho anapendekeza kwamba meli ya kisasa ya kitalii ingefaa kuviruka "vituo vidogo visivyo na mvuto" ili kuokoa muda.

Hapo ndipo chai iliponipalia.

Tuanze na msimu. Julai na Agosti ni msimu bora wa nani? Ni miezi ambayo shule za Ulaya zimefungwa, na huko Serengeti na Katavi nyasi ni fupi, wanyama wanakusanyika kwenye maji. Kwa safari ya gari hiyo ni hesabu sahihi. Lakini ziwa si mbuga. Kuanzia Mei hadi karibu Septemba upepo wa kusini-mashariki unavuma kwa urefu wa ziwa lenye kilometa 673, na huku kusini, upande wa Nkasi na Kalambo, ndiko unakopiga kwa nguvu zaidi. Mvua hakuna, anga ni jeupe, picha zinatoka safi. Lakini maji yamechafuka. Meli kubwa itakutikisa utapike, basi. Mtumbwi wa mbao unaokuja kukupokea kutoka ufukweni, hiyo ni habari nyingine kabisa.

Watu wa Pwani hawahitaji somo hili. Mv Skagit ilizama karibu na Chumbe tarehe 18 Julai 2012, katikati ya kusi, mwezi ambao vipeperushi vyote vya utalii vinauita mzuri. Kiangazi cha nchi kavu si lazima kiwe kiangazi cha majini. Hata zile meli kubwa za kitalii zinazotia nanga Zanzibar na Mombasa huja zaidi kipindi cha kaskazi, Novemba hadi Machi. Hakuna nahodha anayepanga safari kwa kuangalia rangi ya nyasi.

Kwa hiyo jibu langu kwa washikaji ni hili: nendeni mwisho wa Septemba au Oktoba. Upepo umeshaanza kuchoka na mvua kubwa hazijaanza. Sokwe wa Mahale nao kipindi hicho huwa wanashuka chini ya milima, hamtapanda sana kuwatafuta. Hasara yake ni moshi. Mashamba na nyasi za Ufipa zinachomwa, na milima ya Kongo ng'ambo hamtaiona vizuri. Kubalini hasara hiyo.

Halafu angalieni mwezi, wa angani namaanisha. Wavuvi wa dagaa wanatumia taa, na mwezi ukiwa mpevu taa hazina kazi, wengi wanabaki nyumbani. Pangeni safari siku za giza. Usiku mtaona ziwa zima limewaka kama mji, mtadhani mnaingia Kariakoo. Ila mkumbuke kuna kufungiwa: mwaka 2024 uvuvi upande wetu ulisimamishwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaane. Aliyefuata ushauri wa "Julai, nukta" mwaka ule aliona giza tupu na sahani isiyo na mgebuka mbichi. Mtaalamu wake wa utalii hakumwambia.

Sasa vituo. Hapa ndipo penye ugomvi wenyewe.

Chombo kilichoifanya safari hii ijulikane duniani ni Mv Liemba. Mnaijua hadithi yake, nitaifupisha. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 kwa jina la Graf von Götzen, ikafunguliwa vipande vipande, ikaletwa Dar kwa meli na Kigoma kwa reli, ikaunganishwa na kushushwa majini Februari 1915. Mwaka 1916 Wajerumani wenyewe wakaizamisha karibu na mdomo wa mto Malagarasi ili adui asiipate. Waingereza wakaiopoa mwaka 1924, na 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Tangu hapo ikawa ya abiria na mizigo, watu 600 hivi, wengi wao daraja la tatu. Mei 2015, Warundi walipokimbilia Kagunga kwa maelfu, ni Liemba iliyowahamisha kwenda Kigoma.

Mtalii alikuwepo daima, na alikaribishwa. Lakini alikuwa mgeni kwenye safari ya watu wengine. Lagosa, Kalya, Ikola, Karema, Kabwe, Kirando, Kipili, Wampembe, Kala, Kasanga, halafu Mpulungu ya Zambia. Hakuna aliyekaa mezani kuchagua vituo hivyo kwa mvuto. Vilichaguliwa na milima.

Ukitaka kuelewa, tafuta ramani uitazame Wampembe. Iko wilaya ya Nkasi, mkoa wa Rukwa, chini ya ukingo wa uwanda wa Ufipa. Uwanda huo una maeneo yanayofika mita 1,800 na zaidi kutoka usawa wa bahari. Ziwa liko kama mita 770. Yaani kutoka juu mpaka ufukweni unashuka karibu kilometa moja nzima kwenda chini. Barabara ipo, ile ya kutoka Kitosi, haifiki kilometa 70, na wabunge wa Nkasi wameisemea bungeni mpaka sauti zikakauka. Kiangazi inapitika kwa mbinde. Kuanzia Novemba hadi Aprili mvua za Ufipa zinaposhuka na mlima, muulize dereva yeyote wa Namanyere uone atakavyocheka.

Nilipita Wampembe mwaka 2016 nikiwa mwanafunzi wa chuo, na ufukweni sikukanyaga. Ilikuwa usiku. Liemba ikapunguza mwendo, ikapiga honi, ikasimama mbali kidogo na ufukwe kwa sababu gati hakuna. Dakika chache tu mitumbwi ikawa imetuzunguka pande zote, kelele, tochi, kamba zinarushwa. Watu wanashukia mlango wa ubavuni, viroba vya sukari vinashuka, magunia ya dagaa yanapanda kwenda Mpulungu. Pembeni yangu alikuwa mama mmoja na mtoto wa miaka kama sita mwenye mguu uliofungwa plasta, wanatoka hospitali Kigoma. Tulikuwa tumeshiriki chai tangu asubuhi.

Nikamuuliza, "Mama, kipindi cha mvua mnapitaje kwenda Namanyere?"

Akasema, "Hatupiti, mwanangu. Tunangoja meli."

Kisha akamkabidhi mtoto kwa kijana aliyesimama mtumbwini, mikono imenyooshwa juu, mtumbwi unapanda na kushuka. Akavua kandambili, akashuka yeye. Wazungu wawili walikuwa juu wanapiga picha, na siwalaumu, hata mimi nilipiga. Lakini ile ndiyo sehemu ya safari ambayo makala inasema tuendelee kulala.

Mwaka 2018 Liemba ikasimama. Mkataba wa kuikarabati ukaja kusainiwa 2023. Nawapa pongezi waliosaini, chombo kile ni urithi. Lakini kuanzia hapo kila kijiwe cha mjini kina mradi wake kichwani: makumbusho, hoteli inayoelea, kruzi ya fungate yenye vituo vinne na shampeni machweo. Sijasikia mtu akiuliza yule mama na mtoto wake walisafiri na nini miaka yote hiyo. Nitawajibu mimi: boti za mbao, pamoja na magunia, Julai na upepo wake, Februari na radi zake.

Najua hoja ya upande wa pili, na si ya kipuuzi. Kila kituo kina gharama. Kusimama saa mbili usiku wa manane kwa ajili ya watu thelathini na magunia yao ni mafuta, ni mishahara, na nauli ya daraja la tatu hailipi. Mtalii mmoja wa kabini analipa kama nusu ya staha. Kwa hiyo, wanasema, mfuate mwenye pesa, vijiji vitapata faida "baadaye". Hiyo "baadaye" Wabongo tunaijua, ni danganya toto.

Isitoshe, kuna waliokwisha kulifanya hili bila kumtupa mtu. Norway wana njia ya meli inaitwa Hurtigruten, tangu mwaka 1893, kutoka Bergen hadi Kirkenes kule kwenye barafu. Vituo 34, vingine saa nane za usiku, kiangazi na masika, siku zote za mwaka. Meli inashusha mizigo na wenyeji, watalii wamejaa kabini za juu na wanalipa vizuri. Kampuni haijaachiwa iruke vijiji inavyotaka. Serikali inanunua huduma hiyo kwa mkataba, na mkataba unataja bandari. Na cha kuchekesha, hicho ndicho kinachowavutia watalii: wanapenda kupanda meli yenye kazi ya maana. Nchi tajiri imeona hilo, sisi wa ziwa la pili kwa kina duniani tunataka kuiga shampeni tu.

Wala sisemi hakuna kilichofanyika. Karema ina bandari mpya, Kabwe imejengewa gati, Kasanga imeboreshwa. Safi kabisa. Lakini ukizijenga bandari kubwa chache halafu ukazifanya kuwa kisingizio cha kuziruka ndogo, utakuwa umemwambia mtu wa Wampembe apande mtumbwi kilometa nyingi akaifuate meli iliyopita mbele ya mlango wake.

Kwa hiyo madai yangu ni mepesi. Ratiba ya meli yoyote ya umma ziwani ipangwe kwanza kwa wasio na njia nyingine, na iandikwe kwenye mkataba kwa majina: Wampembe, Kala, Kalya, Ikola. Miezi ya mvua, barabara inapokufa, safari ziongezwe, zisipunguzwe eti watalii hawapo. Pajengwe japo gati dogo pale, mtoto mwenye plasta asirushwe kama kiroba. Kabini za juu ziuzwe kwa bei watakayo kwa yeyote atakayetaka, mzungu, mhindi au mshikaji wangu wa Mikocheni, na pesa hiyo ifidie staha.

Nanyi washikaji wawili, najua mnasoma. Nendeni Oktoba, usiku wa giza. Gombe mshuke, Mahale mshuke, Kalambo mkayaone maporomoko yake ya zaidi ya mita 200, mnaruhusiwa. Lakini honi ikilia Wampembe, amkeni. Pisheni mlangoni, saidieni kushusha mzigo wa mtu. Na mkirudi mjini mkiulizwa kituo gani kilikuwa bora, msiseme kile cha ufukwe mweupe kabla hamjauliza nani alikuwa anaingoja meli hiyo.

Nawasilisha. Asiyekubaliana nami aje na hoja, na aje akiwa ameshaipanda meli.