Kanga, Majira na Maarifa Yanayopotea Garsen

Mwanafunzi wa Garsen akionyeshwa picha ya ndege ambaye Wamarekani humla kila Novemba, atajibu upesi: bata mzinga. Huenda hajapata kumwona. Akiulizwa kanga huvunja kundi wakati gani wa mwaka, yamkini atanyamaza, ilhali kanga wenyewe hupita nyuma ya darasa lake.

Ajabu ni kwamba jina la Kiingereza la bata mzinga lilikuwa kwanza la kanga, aliyefika Ulaya kupitia kwa wafanyabiashara wa nchi za Waturuki. Linnaeus naye, mwaka 1758, alimpa bata mzinga jina la Meleagris, ambalo kwa Wayunani wa kale lilikuwa la kanga. Mgeni anayetukuzwa vitabuni amevaa jina la mwenyeji.

Katika bonde la Tana wamo kanga wa kawaida, kororo mwenye ushungi, na yule mwenye kifua cha buluu. Kanga wa kawaida haishi namna moja mwaka mzima. Kiangazi hukaa makundi makubwa, hushuka majini, na usiku hulala mitini pamoja. Mvua zikinyesha kundi huvunjika. Hutembea wawili wawili, na jike hutaga chini, nyasini. Aliyeua mmoja wakati wa kiangazi alipunguza kundi. Aliyeua jike wakati wa mvua aliangamiza kizazi kizima. Methali isemayo kanga hazai ugenini, ambayo walimu huifundisha kama fumbo la tabia za wanadamu, haikuweza kutungwa ila na mtu aliyemchunguza ndege huyu kwa miaka mingi.

Serikali ilipopiga marufuku uwindaji mwaka 1977 ilikuwa na sababu nzito, kwani ndovu na vifaru walikuwa wakimalizwa. Sheria ya mwaka 2013 imekataza hata uwindaji wa kitoweo. Siungi mkono wale wanaotaka pinde zirudi. Lakini marufuku hayakuondoa mitego, na mtego wa kamba unaotegwa kwa siri haubagui masika na kiangazi. Aliyejua kubagua ni mwindaji wa Kiwaata au wa Kidahalo, na maarifa yake yamo katika lugha yake. Kidahalo sasa kina wasemaji mia chache tu. Sisi wanaisimu tumevichunguza vidoko vyake kwa bidii, kwa kuwa ni sauti adimu katika Afrika Mashariki. Nadhani tulivutiwa na sauti kuliko na yaliyosemwa.

Wapo watakaouliza faida ya maarifa hayo leo. Ukame ulioanza mwaka 2020 ulimeza misimu mitano ya mvua mfululizo. Kisha mafuriko ya Novemba 2023, na yale ya Aprili na Mei 2024, yakafunika mashamba ya Tana. Mwaka usiofuata kalenda humhitaji mtu anayesoma majira kwa mwenendo wa ndege na maji.

Walimu wa Garsen, Ngao na Hola wawape wanafunzi kazi ya kuwauliza wazee: kanga mchanga huitwaje, jike anayeatamia huitwaje, ni dalili gani ilimfanya mwindaji aache mishale nyumbani. Yaandikwe kwa Kipokomo, Kiorma au Kiwaata kwanza, Kiswahili baadaye. Likizo ya Agosti yatosha kwa kuanzia, kabla ya mvua za vuli.