Msikisugue Kwanza: Kipande cha Bati Kutoka Tanga

Dada mmoja wa Silver Spring amenitumia picha tatu na swali. Kaka yake anachimba msingi wa nyumba Tanga, si mbali na uwanja wa ndege. Mafundi wametoa ardhini kipande cha bati jepesi, urefu kama wa mkono wa mtu mzima, chenye ribiti zilizopangwa mistari mistari. Pamoja nacho kuna kitu cha duara chenye kioo, mfano wa saa ya ukutani iliyopunguzwa. Mnunuzi wa chuma chakavu ameshapita mara mbili na mizani yake. Mtoto wa dada, mwenye miaka kumi na mmoja, anataka mjomba ampe vyote msafiri wa kwanza avilete Maryland. Dada anauliza kama ni mabaki ya ndege ya vita kweli, na wavifanyeje.

Najua mmezoea kusoma hapa habari za chanjo, presha na sukari ya wazee. Kile cha duara ndicho kilichonifanya nijibu haraka, nami nitakifikia.

Kwanza, inawezekana kabisa. Aprili 1942 Wajapani waliishambulia Ceylon, na sehemu kubwa ya meli za Uingereza za Bahari ya Hindi ikarudi nyuma hadi Kilindini, Mombasa. Baadhi zilikuwa manowari za kubeba ndege, kama Illustrious na Formidable. Meli ikiwa bandarini, ndege zake zinahitaji mahali pa kutua na kutengenezwa nchi kavu, kwa hiyo Jeshi la Majini la Uingereza likachukua viwanja vya huku kwetu. Lilikuwa na desturi ya kuvipa viwanja vyake majina kama ya meli, mara nyingi majina ya ndege wa porini. Nairobi ikawa HMS Korongo, Mombasa HMS Kipanga, na Tanga HMS Kilele. Kilele hana mabawa, lakini ndiyo jina walilolichagua. (Mwanangu alicheka sana kusikia kwamba katika Kiswahili ndege wa mti na ndege ya chuma ni neno moja, hivyo utani wa Waingereza kwetu unajirudia mara mbili.)

Hata hivyo, si kila bati kuukuu la Tanga ni la vita. Shirika la East African Airways lilianza kuruka 1946, na ndege aina ya Dakota, ambazo zilibuniwa Marekani, zilitua kwenye viwanja vingi vya pwani kwa miaka mingi. Tena baada ya vita Tanganyika ililetewa mashine za kijeshi kwa ajili ya ule mradi wa karanga ulioshindwa, zikiwamo trekta zilizotengenezwa kwa mwili wa vifaru. Kipande kizito kinachoshika sumaku na kutoa kutu nyekundu huenda kilikuwa cha trekta. Bati la ndege ni la alumini: halishiki sumaku, na likioza hutoa unga mweupe na kubanduka matabaka kama chapati ya maji iliyokauka.

Ushahidi wenyewe uko kwenye alama ndogo, na ndiyo sababu namwomba kaka asikisugue kipande hicho. Asitumie msasa, stilwaya, majivu wala sabuni ya unga. Rangi iliyobaki upande wa ndani ni ushahidi. Wamarekani walipaka sana rangi ya kuzuia kutu yenye njano inayoelekea kijani, wakati ndani ya ndege nyingi za Waingereza mlikuwa na kijani kilichochanganyika na kijivu. Maandishi ya kiwandani nayo huwa ya wino tu juu ya bati, na ukisugua mara moja yamekwenda. Kwenye picha ya pili ya dada, upande wa ndani, naona herufi zilizofifia zinazosomeka ALCLA, kisha 24S. Hiyo ni ALCLAD 24ST, bati la alumini la Kimarekani lililotumika kwenye ndege nyingi mno za wakati ule.

Hapo mtu ataruka na kusema Wamarekani walikuwa Tanga. Asiruke. Waingereza wale wa manowari walikuwa na ndege ya kivita waliyoiita Martlet, iliyotengenezwa na kampuni ya Grumman, Bethpage, jimbo la New York. Kwa hiyo bati la Kimarekani linaweza kuwa limetoka kwenye ndege ya Waingereza. Na Dakota ya abiria ya miaka ya hamsini nayo ni ya bati hilohilo. Ndege nyingine za meli zile zilikuwa tofauti: Swordfish, kwa mfano, ilikuwa mabomba ya chuma yaliyovikwa kitambaa, na isingeacha bati kubwa la namna hii.

Kinachoweza kuamua ni namba ya kipuri. Viwanda viligonga namba kwenye sehemu nyingi, pamoja na mhuri mdogo wa mkaguzi, wakati mwingine mdogo kuliko punje ya mtama. Kila kampuni ilikuwa na mtindo wake. North American, kwa mfano, ilianza namba zake na namba ya mkataba, hivyo kipuri kinachoanza na 109 huelekeza kwenye Mustang ya aina ya D. Kwenye Spitfire hutafutwa mhuri wa 6S wa kiwanda cha Supermarine. Taji juu ya herufi A na M ni mali ya Wizara ya Anga ya Uingereza. Ila hata namba nzuri inataja kipuri tu. Kipuri kimoja kiliweza kufungwa kwenye ndege za aina mbili, au kikawa akiba kwenye karakana ambayo haikuwahi kuona ajali. Ndiyo maana mahali kilipokuwa pana thamani sawa na kipande chenyewe: kina cha shimo, vilivyokuwa pembeni, kama udongo una majivu au mafuta.

Kazi hii mpeni mtoto. Mjomba apige picha kipande kikiwa palepale kilipo, aweke rula au sarafu pembeni, kisha arudie jioni akimulika tochi ya simu kwa ubavu ili namba zilizogongwa zitoe kivuli. Baada ya hapo aweke karatasi nyembamba juu ya namba na kuipaka penseli taratibu, namba zitajichora zenyewe. Karatasi hiyo ndiyo itakayosafiri kwenye sanduku.

Sasa kile cha duara. Picha ya tatu inaonyesha uso mweusi wenye namba za rangi ya maziwa yaliyochacha. Hicho ni kipimo cha ndani ya chumba cha rubani. Vipimo vingi vya miaka ile vilipakwa rangi yenye rediamu ili visomeke gizani. Msidanganywe na kwamba hakiwaki tena. Kinachochoka ni kemikali ya kung'aa, lakini rediamu yenyewe huchukua miaka ipatayo 1,600 kupungua nusu. Kikiwa kimefungwa kwenye kabati la makumbusho hakina shida kubwa. Shida inaanza kioo kikipasuka na unga kuingia mdomoni au mapafuni, kwa sababu mwili huipokea rediamu kama kalsiamu na kuipeleka kwenye mifupa. Hapa Marekani, miaka ya 1920, wasichana waliopaka rangi hiyo kwenye saa huko New Jersey walizichonga brashi kwa midomo. Wakaoza mataya, na wengine wakafa.

Kwa hiyo kaka asikifungue, asikitikise, asimpe mtoto yeyote achezee. Akishike na glovu, akitie kwenye mifuko miwili ya plastiki na kopo lenye kifuniko, akiweke nje ya vyumba vya kulala, anawe mikono, kisha apige simu Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania. Kumwuzia mtu wa mizani ni kumpelekea madhara kijana atakayekivunja kwa nyundo kutafuta shaba. Na kuhusu sanduku la kuja Maryland, jibu langu ni hapana, hata dada akikasirika.

Mafundi nao wasimamishe jembe upande ule mpaka polisi au wanajeshi wapaangalie. Palipo na kipande cha ndege panaweza kuwa na risasi au bomu. Wanaodhani baruti huchakaa ikawa udongo waulize watu wa Spring Valley, mtaa wa matajiri hapa Washington jirani na American University. Januari 1993 wachimbaji wa mtaro walikuta pale mabomu ya Vita vya Kwanza vya Dunia, miaka 75 baadaye, kwa kuwa chuo kilikuwa kituo cha kujaribia silaha za kemikali. Usafishaji uliendelea kwa miaka mingi.

Bati la alumini, likishakaguliwa, ni jambo jingine. Kwa mizani litaleta hela ya mboga, kisha litayeyushwa kuwa sufuria. Napendekeza picha na ile karatasi ya penseli vipelekwe kwanza Urithi Tanga, kwenye jengo la boma la Wajerumani, wawe na nakala. Uamuzi wa kuuza au kutouza ni wa mwenye kiwanja, na simlaumu mtu anayejenga kwa mkopo.

Kwa mtoto, mambo yako karibu. Jengo la Udvar-Hazy kule Chantilly halina kiingilio, mnalipia maegesho tu. Mtafuteni Flak-Bait, ndege ya mabomu aina ya B-26 iliyotengenezwa na kampuni ya Martin karibu na Baltimore. Iliruka misheni zaidi ya 200 juu ya Ulaya na ina viraka vya matundu zaidi ya 1,000. Mafundi wa makumbusho waliamua kuitunza rangi yake ya asili badala ya kuipaka upya. Akiona hilo, ataelewa kwa nini nesi amekataza stilwaya.

Siku nyingine mpelekeni Croom, kusini mwa Prince George's. Kuna barabara bado inaitwa Croom Airport Road, na mwisho wake ni nyasi na kibao. Mwaka 1941 marubani weusi wa Washington, waliokuwa wakikataliwa kwenye viwanja vingine, walianzisha pale uwanja wao. Wakati wa vita Jeshi la Majini la Marekani liliuchukua kwa mazoezi. Baadaye John Greene, mwalimu wa ufundi wa ndege, aliuendesha kwa jina la Columbia Air Center, na mwishowe ukafungwa. Sasa ni sehemu ya bustani ya Patuxent River, mali ya umma, kwa hiyo msiende na kifaa cha kutafuta vyuma wala jembe. Mkiona kitu kinachotokeza kwenye udongo, pigeni picha, wekeni sarafu pembeni, mwambieni mlinzi wa bustani. Vaeni suruali ndefu, kupe wa kule hawana adabu.