Nani Kamwagilia Maua Leo?

Najua wengi wenu mko mbioni. Kazi asubuhi hadi jioni, ukitoka hapo foleni, ukifika nyumbani umechoka hata salamu unaitoa nusunusu. Ndiyo maana mwezi huu nimewaletea dalia fupi, ua ambalo halidai shamba wala mtunza bustani wa kulipwa. Ndoo mbili kibarazani zinatosha kabisa. Ila linadai kitu kimoja: watu wa nyumba hiyo wawe wanaongea. Mwenzenu nilijifunza hilo kwa machungu.

Kwanza tuelewane. Sisemi ile dalia ya manjano ya kujipaka wanayoijua bibi zetu wa Pwani. Nasema ua la dalia, lenye asili ya nyanda za juu za Mexico, ambako lilitangazwa kuwa ua la taifa mwaka 1963. Dalia ndefu hupita mita moja na lazima uziwekee kijiti cha kuegemea. Hizi fupi huishia sentimita 30 hadi 60 na zinajisimamia zenyewe. Rangi utachagua mwenyewe: nyekundu, njano, waridi, zambarau, nyeupe. Bluu tu ndiyo hakuna!

YALIYONIKUTA

Tulipooana tulipanga nyumba ndogo Arusha. Mama mkwe alikuja kututembelea kutoka Lushoto, na katika mzigo wake, pamoja na maharage na mapeasi, alikuwa na viazi vitano vya dalia amevifunga kwenye gazeti. Alivitoa bustanini kwake. "Pandeni mlangoni," akasema, "nikirudi nikute nyumba inacheka."

Vinne tukavipanda kwenye ndoo za rangi za lita 20, kimoja pembeni ya njia ya kuingilia, kwenye kimwinuko. Vikachipua vizuri. Halafu tukagombana.

Sababu ilikuwa pesa. Mume wangu alimkopesha ndugu yake fedha tuliyokuwa tunaiweka kwa ajili ya kodi, mimi nikaja kusikia kwa watu. Si unajua tena! Tukanuniana wiki mbili nzima. Chakula mezani, "karibu," basi. Mimi nilikuwa naondoka alfajiri, na kabla ya kutoka namwagilia maua. Yeye alikuwa anarudi usiku, naye anamwagilia. Hakuna aliyemwambia mwenzake.

Majani yakaanza kuwa ya njano. Nikadhani kiu, nikaongeza maji. Kumbe naye kadhani kiu, kaongeza! Jumamosi moja nikavuta shina, likatoka lenyewe. Kiazi kilikuwa kimelainika kama nyanya iliyooza, kinanuka. Mume wangu akatoka nje, akasimama pale, akauliza: "Kwani na wewe ulikuwa unamwagilia?"

Hiyo ndiyo ilikuwa sentensi yake ndefu kuliko zote kwa siku 14. Tukakaa barazani kati ya ndoo nne za matope, tukaongea mpaka jua likazama. Ya maua, halafu ya pesa. Alikiri alinificha kwa sababu aliogopa nitakataa. Na mimi nikakiri kweli ningekataa.

Tukagundua na kosa la pili: ndoo hatukuzitoboa! Kila mmoja alidhani mwenzake ameshatoboa. Kilichopona ni kile kimoja cha kwenye kimwinuko, kwa sababu maji yalikuwa yanateremka. Maua yote mnayoyaona mlangoni kwangu leo ni watoto wa kile kiazi.

JINSI YA KUPANDA

Sasa basi, msirudie makosa yetu. Unaweza kuanza na mbegu au viazi. Mbegu zifukie kidogo tu, zitachipua ndani ya wiki moja hadi mbili, na maua utayaona baada ya miezi mitatu hivi. Ukinunua viazi, hakikisha kila kimoja kina kipande cha shingo ya shina la zamani, kwa sababu macho ya kuchipulia yako pale. Kiazi kinene kisicho na shingo hakitachipua hata ukikibembeleza vipi.

Ndoo au chungu kiwe na upana na kina cha sentimita 30 au zaidi, chenye matundu chini. Msumari wa moto unatosha. Changanya udongo mzuri, mboji au samadi iliyooza vizuri, na mchanga kidogo ili maji yapite. Fukia kiazi sentimita 8 hadi 10, kisha USIMWAGILIE mpaka chipukizi litokeze, labda udongo uwe mkavu kabisa. Kiazi kina akiba yake ya maji. Kwenye ukingo wa njia au pembeni mwa ukuta, acha sentimita 30 kati ya mche na mche, na inua tuta kidogo. Jua lipate saa sita kwa siku.

Panda masika yakipungua, kuanzia mwishoni mwa Mei. Ninyi wa Dar na Mombasa hasa msikose kipindi hicho, maana dalia haipendi joto la usiku. Wekeni ndoo penye jua la asubuhi na kivuli cha mchana.

MATUNZO

Mche ukifikisha jozi tatu au nne za majani, kata ncha yake ya juu. Inauma, najua, lakini utatoa matawi pembeni na maua yatakuwa mengi zaidi. Mbolea iwe ya kiasi. Ukizidisha ya kukuzia, kama urea, utapata majani ya kutosha kulisha mbuzi na maua mawili. Ua likinyauka likate mara moja, mmea utaleta mengine.

Konokono wanapenda sana chipukizi changa, watoeni kwa mkono jioni mkiwa na tochi. Vidukari wasafisheni kwa maji yenye sabuni kidogo. Wenye mbwa au paka, wazuieni wasitafune majani wala viazi, huwadhuru.

Ukitaka kumpelekea mpenzi wako, kata asubuhi, na uchague ua lililokwisha kufunguka. Tumba la dalia likikatwa changa halifunguki kwenye chombo.

Mwisho wa msimu majani yakikauka, kata shina libaki sentimita 10 au 15, chimbua viazi taratibu, viache vikauke kivulini, kisha vihifadhi kwenye maranda makavu. Wakati wa kupanda gawa kwa kisu, kila kipande na jicho lake. Hapo ndipo uzuri wa dalia kwa sisi wapangaji: mwenye nyumba akipandisha kodi, unabeba bustani yako kwenye boksi moja.

KIDOLE KWANZA

Nyumbani kwetu sasa kuna sheria mbili. Ya kwanza ni kidole: chomeka kidole kwenye udongo hadi kiungo cha pili. Kukiwa na unyevu, acha. Ya pili, anayemwagilia lazima aseme. "Nimemwagilia." Neno moja tu. Mume wangu huniandikia kwenye simu hata nikiwa kwenye kikao, na mimi humjibu. Siku tukikwaruzana ujumbe huo bado unakuja, na mara nyingi maongezi yanaanzia hapo.

Na mama mkwe? Aliporudi mwaka uliofuata tulimweleza ukweli wote, hadi ule wa pesa. Alicheka mpaka akakaa chini. Halafu akatoa gazeti lingine kwenye mkoba. Safari hii vilikuwa viazi vitatu, na msumari.

Haya wapenzi, jioni ya leo kabla hujashika kopo la maji, muulize kwanza mwenzako. Tukutane mwezi ujao, tukijaaliwa.