Koki Inayovuja Tuibadilishe Wenyewe

Nyumba ninayokaa hapa zahanati ni ya zamani. Koki ya uani ilivuja miezi mitatu. Kila mtu alisema, "Tunamsubiri fundi." Hata mimi nilisema hivyo. Chini yake pakawa na dimbwi, bata wakaoga humo. Siku moja niliinama nikaona viluwiluwi vya mbu. Na asubuhi ile ile nilikuwa nimewafundisha akina mama kufukia madimbwi! Niliona haya.

Yai la mbu huweza kuwa mbu kamili kwa wiki 1 au 2. Fundi wetu hukawia zaidi ya hapo. Kwa maoni yangu, kazi hii tuifanye wenyewe.

Kwanza funga koki kubwa inayoleta maji nyumbani. Fungua koki mbovu ili maji yaliyobaki yatoke. Shika bomba kwa spana moja, na kwa spana ya pili fungua kichwa cha koki. Ukitumia spana moja tu, bomba lililoliwa na kutu linaweza kukatika ukutani. Ndani utaona mpira mdogo. Kama umechakaa, nenda nao dukani ununue wa kipimo kile kile. Kama koki yenyewe imelika, nunua nyingine. Zungushia hesi za bomba tepu ya mafundi kabla ya kuifunga.

Koki kubwa ikigoma kuzunguka, usiilazimishe. Hapo mwite fundi. Lakini dimbwi lifukie leo.