Homa ya aliyepandikizwa figo haisubiri asubuhi

Mzazi mwenzangu, kama nyumbani kwenu yupo mtu aliyepandikizwa figo, au ndugu yenu anajiandaa kupandikizwa, soma haya kisha mpe simu mtoto wako mkubwa naye asome.

Muhimbili walifanya upandikizaji wa kwanza wa figo hapa nchini Novemba 2017, na Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ikafuata mwaka 2018. Kabla ya hapo wagonjwa wetu walikuwa wakipelekwa India. Sasa mtu anapandikizwa hapa hapa, anarudi zake Mlandizi, Maili Moja au Maneromango. Kuku anachinjwa, na ndugu aliyetoa figo anasifiwa ukoo mzima. Kisha tunadhani kazi imekwisha, kumbe imehamia nyumbani.

Mwili huiona figo ile kama mgeni na hutaka kuipiga vita. Ili isikataliwe, mgonjwa hunywa dawa za kushusha kinga kila siku, kwa saa zile zile, muda wote figo hiyo inapofanya kazi. Lakini kinga ikishuka, vijidudu navyo hupata nafasi. Ndiyo maana maambukizi ni kati ya sababu kubwa zinazowarudisha watu hawa hospitali kupitia mlango wa dharura. Tena huanza kwa upole: mkojo unachoma, kikohozi kidogo, homa ya nyuzi 38. Baadhi ya dawa zenyewe, predinisoloni kwa mfano, huweza kuficha homa, ukamwona mtu amechoka tu wakati hali ni mbaya.

Sisi wa Pwani mtu akipata homa tunawaza malaria kwanza, na kupima ni sawa kabisa. Ila kipimo kikionyesha malaria, hakijasema kwamba hana ugonjwa mwingine. Kikionyesha hana, hiyo si ruhusa ya kurudi nyumbani na panadol. Kwa aliyepandikizwa, homa ni safari ya hospitali usiku huo huo.

Duka la dawa nalo ni hatari kuliko tunavyofikiri. Diklofenaki na ibuprofeni, tunazomeza kwa kila maumivu ya mgongo, huumiza figo. Erithromaisini na flukonazoli hupandisha kiwango cha takrolimusi kwenye damu hadi kikawa sumu. Rifampisini ya kifua kikuu hukishusha, figo ikabaki bila ulinzi. Hata balungi, tunda tu, limo kwenye orodha ya vitu vya kuepuka. Dawa za mizizi sizisemi sana, maana nitagombana na mashangazi, lakini jibu ni hapana.

Kuna na kutapika. Mtu akishindwa kushikilia dawa zake tumboni, au akiharisha sana, msingoje siku ya pili. Vivyo hivyo mkojo ukipungua, miguu ikivimba, au akilalamika maumivu chini ya tumbo upande mmoja. Figo mpya huwekwa hapo, karibu na nyonga. Haikai mgongoni, na za zamani kwa kawaida huachwa mahali pake.

Sasa turudi kwa yule mtoto. Baba anaweza kuzidiwa mama akiwa sokoni, na aliyepo nyumbani ni binti wa darasa la sita. Mfundisheni maneno ya kumwambia nesi kabla hajaulizwa: "Baba amepandikizwa figo. Anatumia dawa za kushusha kinga. Ana homa tangu saa fulani." Mgonjwa anayeingia kwa miguu yake akisema ana homa anaweza kukalishwa kwenye benchi hospitali yoyote, hasa usiku ambao majeruhi wa ajali wameletwa. Maneno hayo humfanya nesi amwangalie kwa jicho jingine.

Bebeni dawa zenyewe na kadi ya kliniki, na mseme dozi ya mwisho alimeza saa ngapi. Kama mkono wake una mshipa uliotengenezwa kwa ajili ya kusafisha damu, waambieni wasimchome wala kumpima presha mkono huo. Na mtu yeyote asimwachishe dawa ghafla bila kuzungumza na kliniki yake.

Kutoka Kibaha, Tumbi ni karibu, na Mloganzila iko upande wa Kibamba. Kutoka Maneromango ni jambo jingine, hasa mvua zikinyesha. Msisubiri gari la kwenda Muhimbili mpaka asubuhi. Anzeni na hospitali ya wilaya pale Kisarawe, apimwe na aanzishiwe matibabu, huku daktari wa zamu akiipigia simu kliniki ya figo. Namba ya kliniki iwe kwenye simu ya baba, ya mama na ya jirani mwenye gari. Mwenye gari mpeni taarifa leo, akiwa hajalala.